Bei Kamili



Asubuhi moja, katika duka la kanga hapa Biashara Street, Mombasa, ndugu mmoja alinionyesha tangazo la mnada gazetini. Jirani yake alishindwa kulipa mkopo, na nyumba aliyoiweka rehani ilikuwa ikiuzwa. "Mchungaji, je, ni dhambi kuinunua?" Nikamjibu, la, si dhambi. Lakini wenzake walimshauri wapatane wasishindane, waipate kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo penye dhambi.

Ibrahimu alipolitaka pango la Makpela, alitoa bei kamili, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu.

Basi, ndugu, kaikague nyumba. Hakikisha hati. Uliza bei ya soko. Tayarisha arabuni, ambayo mara nyingi ni robo ya bei, nawe uweke kikomo chako kabla nyundo ya dalali haijainuliwa. Kisha taja bei usiyoionea haya mbele ya jirani yako. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, deni na gharama zikiisha kulipwa, kinachobaki ni chake aliyepoteza nyumba. Shilingi unayoiongeza yaweza kuwa kodi ya chumba watakacholala watoto wake.

Ndugu yule alitaja bei ya haki, akashindwa na mwingine. Alirudi dukani mikono mitupu. Lakini jioni ile alimwamkia jirani yake akimtazama usoni.

Mungu atujalie mikono safi. Amina.