Lori Likigonga Nyuma

Ndugu mkulima, mavuno hayaishii shambani. Mahindi na mpunga wa Kilosa havina faida mpaka vipate lori la kuvifikisha sokoni. Basi leo tuzungumze juu ya lori lenyewe, na hasa ule mlio wa "ngo!" unaosikika chini ya bodi dereva anapoachia klachi.

Utingo akiusikia husema mara moja, "Difu imekwisha hiyo." Hapo wenye lori, pengine ni ninyi wenyewe katika chama chenu cha ushirika, mnaanza kuchanga fedha za difu. Ngojeni kwanza. Difu ishukiwe mwisho.

Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, hupita katika propela, yaani lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya lori, kisha huingia kwenye difu na kugawanywa kwa magurudumu ya nyuma. Propela imeungwa kwa krosi, vyuma vidogo vya umbo la msalaba, kila kimoja na vikombe vinne vya beringi. Wakati wa masika gurudumu huzunguka bure kwenye tope, halafu ghafla linashika ardhi ngumu. Pigo lile lote hupita kwenye krosi. Nayo krosi ni rahisi sana kuliko difu.

Sasa sikiliza vizuri. Mlio mmoja wakati wa kuondoka, au wa kutoka gia ya mbele kwenda rivasi, maana yake kuna kitu kimelegea: krosi, meno ya propela pale inaporefuka na kufupika, au bolti zinazoifunga. Mlio kama wa panya, "chwi chwi chwi," lori linapoanza kutembea, ni krosi iliyokauka grisi. Lori likitetemeka kwenye mwendo fulani tu, tazama kama propela imepinda au mpira wa senta beringi umechanika. Na kama linagonga ukishika breki, tena linavuta upande mmoja, iache propela. Kagua yu-bolti na senta bolti za springi. Zikilegea, ekseli nzima husogea. Pima kwa kamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, umepata ugonjwa.

Kabla ya kuingia chini, kuna jambo ambalo nataka ulishike kuliko mengine yote. Katika malori mengi ya kubeba mazao, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya giaboksi. Propela ikifunguliwa au ikikatika, breki hiyo haizuii kitu, hata ukiivuta kwa mikono miwili! Lori lenye mzigo litateremka juu ya fundi aliyelala chini yake. Kwa hiyo simamisha lori mahali pa tambarare, zima injini, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili. Bila mawe, mtu asiingie.

Haya, weka gia huru. Shika propela kwa mikono miwili, uizungushe kidogo huku na huku, ukitazama krosi. Ikicheza ndani ya vikombe vyake, hata kidogo, ibadilishwe. Unga mwekundu kama kutu kando ya kikombe nao ni ushahidi wa kutosha. Ikiwa krosi zimetulia na ni difu tu inayoachia kidogo kabla ya meno kushikana, usiogope, nafasi ndogo ya namna hiyo lazima iwepo.

Fundi akifungua propela, aweke alama kwanza, kwa chaki au patasi, ili irudi vile vile ilivyokuwa. Ikirudishwa vibaya itatetemeka na kuzila hizo krosi mpya. Krosi yenye chuchu ya grisi ipigwe mpaka grisi itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa kitu hakijapata kitu.

Difu yenyewe ina lugha yake. Huvuma unapokanyaga mafuta na kubadili sauti unapoachia. Fungua mafuta yake uyatazame. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hii hutokea sana lori linapovuka mto difu ikiwa ya moto. Yamwage, weka mapya. Ukikuta vipande vya meno ya chuma, lori lisitembee tena.

Mwenye safari ya Morogoro akague hayo yote hapo hapo Mikumi mjini. Mbele yake barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kadiri ya kilomita 50. Propela ikikatika upande wa mbele huweza kuchimba lami na kuliinua lori. Na ikianguka salama, bado ni lazima mtu alale chini ya lori kuifungua, penye tembo na simba. Ukisikia mlio umebadilika ukiwa bado Mikumi, lala Mikumi.