Cherehani Haikufa, Imesahauliwa
Hotuba juu ya kushona nyumbani, iliyotolewa mbele ya wanachama na jamaa zao, Konza



Katibu ameniomba niseme juu ya kushona nyumbani kwa sababu nilikaa miaka mingi mbele ya cherehani za kiwandani kule Athi River, na sasa nashona hapa hapa Konza. Habari hiyo ilipotangazwa, ndugu mmoja aliniuliza, "Chama cha wafanya kazi na sindano vinahusiana nini? Sisi twataka mshahara, hatutaki viraka." Swali lake ni zuri. Nitalijibu mwishoni, maana jibu bila kazi ni maneno matupu.

Siku moja alinijia mama mmoja ambaye mume wake ni mwenzetu. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kimefungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa. Mume wake aliinunua kwa fedha za ovataimu. Ilikaa chini ya kitanda miaka 4. "Imekufa," akaniambia. "Inakata uzi tu." Nilipoifungua niliona mambo matatu. Sindano ilikuwa imetiwa kinyume. Ndani mlikuwa mmetiwa mafuta ya kupikia, yakaganda kama gundi. Na juu ya gundi hiyo lilikuwa limekaa vumbi letu la Kapiti. Nilisafisha, nikatia sindano mpya na mafuta yanayofaa, na kabla ya saa moja kwisha ikawa inashona. Yule mama hakucheka. Aliketi, akaanza kuhesabu kwa vidole sare zote za shule alizompelekea fundi katika miaka ile 4. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili ni la chama.

KUITUNZA CHEREHANI

Konza ni penye upepo na vumbi. Kila ukimaliza kazi, ifunike cherehani hata kwa gunia safi. Kila juma, ondoa lile bamba lililo chini ya sindano, ufagie manyoya ya kitambaa kwa brashi ndogo. Manyoya hayo hunywa mafuta na kuzuia meno yanayosukuma kitambaa.

Mafuta ni ya cherehani tu, yale mepesi na meupe. Mafuta ya kupikia huganda, na ya gari ni mazito. Tia tone moja moja katika kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Anayeshona kutwa atie kila siku. Anayeshona mara moja moja atie kabla ya kuanza. Kisha shona juu ya kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke, ama sivyo yatachafua nguo ya watu. Kama mafuta ya zamani yameganda, tia mafuta ya taa kidogo, zungusha gurudumu, pangusa, rudia, halafu tia mafuta ya cherehani. Kazi hiyo ifanyike mbali na moto na mbali na taa.

Kwa cherehani ya miguu, angalia mkanda. Ukilegea, gurudumu la chini litazunguka na la juu litasimama. Ukibana mno, miguu itachoka na mashini itakuwa nzito. Kata kipande kidogo sana cha mkanda, uufunge tena, ujaribu.

SINDANO NA UZI

Ndugu zangu, makosa mengi tunayolaumu mashini ni ya sindano. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo lazima uelekee upande uzi unakoingilia. Ule ubapa wa juu utakuwa upande wa pili. Isukume juu mpaka mwisho, ndipo ukaze skrubu. Sindano iliyopinda au iliyopoteza ncha itupe. Ukiihurumia itararua kitambaa cha shilingi nyingi. Namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, namba 14 ni ya sare na mashati ya kawaida, namba 16 ni ya kaki, na namba 18 ni ya jinzi nzito na turubai.

Sasa kukaza uzi. Wengi hugeuza skrubu zote mbili, ya juu na ya bobini, mpaka wakapotea. Kumbukeni hivi: ukiona vitanzi chini ya kitambaa, kosa liko juu, uzi wa juu umelegea au haukupita katika vishikio vyake. Basi uondoe, inua mguu wa cherehani, upitishe uzi upya tangu mwanzo, kisha ujaribu. Ukiona uzi wa juu umelala kama mstari ulionyooka na wa chini unachungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno, legeza kidogo. Skrubu ya bobini iguse mwisho kabisa, na uigeuze robo tu. Na mwanzo wa kila mshono, shika ncha mbili za uzi kwa nyuma mpaka mishono mitatu minne ipite. Hapo uzi hautafanya kiota chini.

KUKATA NA KUSHONA SARE

Kitambaa cha pamba kifue kabla ya kukata, kikauke, ukipige pasi. Hupungua. Bora kipungue kikiwa kitambaa kuliko kipungue kikiwa suruali ya mtoto. Kata ukifuata nyuzi za urefu wa kitambaa. Ukikata mshazari kwa kubania nafasi, gauni litajipinda mwilini baada ya kufuliwa.

Mtoto hukua, sare haikui. Basi acha upindo wa inchi 3 chini ya gauni na inchi 2 chini ya suruali, na upande wa mishono ya kiuno acha inchi moja. Mwaka ujao utafumua na kushusha. Magotini na makalioni tia kipande cha ndani kabla nguo haijatoboka. Kwenye pembe za mifuko piga mshono mara tatu, kwenda na kurudi, kwa kuwa ndipo mkono wa mtoto unapoanzia kurarua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

BLANKETI LA VIRAKA

Hapa tuko juu zaidi ya futi 5,000, na baridi ya mwezi wa Juni na Julai kila mtu aijua, hasa wenzetu wa zamu ya usiku. Kwa fundi huokotwa vipande vingi vinavyotupwa. Tengeneza blanketi.

Kata kadibodi ya inchi 6 kwa 6 iwe kipimo chako. Kata kwa hiyo vipande 192. Shona kila mshono robo inchi kutoka ukingoni, basi kila kipande kitabaki inchi 5 na nusu. Panga 12 kwa upana na 16 kwa urefu. Utapata inchi 66 kwa 88. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kitafunikwa na kuning'inia vizuri kila upande. Shona safu moja moja, zipige pasi, halafu unganisha safu kwa safu. Usichanganye kitambaa cha pamba na kile kinachovutika cha fulana za mitumba. Kimoja kitakaa na kingine kitavimba.

Katikati weka blanketi kuukuu, hata likiwa na matundu, mradi limefuliwa. Chini weka shuka au kitambaa kimoja. Tandaza vyote vitatu sakafuni penye mkeka safi, upige bandi kwa mkono ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni, mikunjo itakutana katikati na hutaweza kuiondoa. Kisha piga mishono ya kudumu kupita tabaka zote tatu, nafasi kati ya mstari na mstari isizidi inchi 4, ili la ndani lisijikusanye likifuliwa. Mwisho zungushia ukingo wa kitambaa kigumu.

KUDARIZI KWA CHEREHANI

Watu wengi wadhani lazima uwe na mashini ya umeme ya bei kubwa. Sivyo. Cherehani ya miguu yaweza kuandika jina, kutia ua kwenye kitambaa cha meza, na hata kutengeneza beji. Ondoa ule mguu unaokandamiza kitambaa. Meno ya kusukuma yashushe, au yafunike kwa bamba lake kama mashini yako haishushi. Chora kwa penseli, bana kitambaa katika ile mizunguko miwili ya mbao mpaka kilie kama ngoma, na nyuma yake weka karatasi ngumu ili kisikunjamane.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawaambiwi: ingawa mguu umeondolewa, shusha mkono wake kama kawaida. Usiposhusha, uzi wa juu hautakazwa, na chini patakuwa na kichaka. Vuta uzi wa bobini uje juu, anza polepole, miguu iende kwa mwendo mmoja, na mikono ndiyo ichore. Jifunze kwanza herufi za jina lako katika kitambaa kibovu.

Lakini hapo sindano iko uchi. Nimeona sindano ikipita katika ukucha wa msichana kiwandani, ikakatikia ndani. Alikuwa akiharakishwa amalize hesabu ya siku. Shika mzunguko wa mbao pembeni, usiweke kidole ndani. Unapotia uzi, ondoa miguu yako kwenye ubao wa kukanyagia. Mtoto asichezee gurudumu. Na kila saa moja inuka, unyoshe mgongo, uangalie mbali nje ya dirisha. Macho hayauzwi dukani.

BEI YA KAZI NA MKATABA

Tuseme umeshona gauni la shule. Kitambaa shilingi 400, uzi, vifungo na zipu shilingi 80, jumla 480. Umetumia saa 4. Jirani akupa 600 na kukusifu sana. Kilichobaki ni shilingi 120, yaani shilingi 30 kwa saa, na hujatoa fedha ya sindano, mafuta wala kuchakaa kwa mashini. Je, mwajiri akikulipa hivyo hutaleta malalamiko chamani? Basi usijilipe mwenyewe kile usichokubali kulipwa na mwingine.

Akija tajiri na vipande vilivyokwisha kukatwa ili umshonee nyumbani, andikeni katika daftari: hesabu ya vipande, bei ya kila kimoja, nani anunuaye uzi, kikiharibika ni juu ya nani, na siku ya malipo. Mwaka 1996 Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba namba 177, usemao kwamba anayefanya kazi nyumbani atendewe sawa na wafanya kazi wengine katika ujira, usalama na haki ya kujiunga na chama. Kwa hiyo mama anayeshonea wengine nyumbani ni mfanya kazi. Asiseme, "Mimi nakaa tu nyumbani."

Na anayetaka kununua cherehani kwa malipo ya polepole ajihadhari. Kampuni ya Singer ilianza kuuza hivyo Marekani mwaka 1856, na maskini wengi walipata mashini kwa njia hiyo. Lakini uliza jumla ya malipo yote, usiulize ya mwezi tu. Weka kila risiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 juu ya ununuzi wa namna hiyo yasema kwamba ukiisha kulipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua mashini mwenyewe. Lazima aende kortini. Namjua mtu aliyekuwa amebakiza malipo mawili, akaiacha cherehani ibebwe mbele ya watoto wake kwa kutojua hivyo. Mkitishwa, njoni ofisini na risiti zenu kabla ya kufungua mlango.

JIBU LA NDUGU YETU

Sasa namjibu ndugu aliyeniuliza. Amesema kweli kwamba kiraka si mshahara. Siku mwajiri atakapotuambia, "Wake zenu washone, basi mshahara watosha," tumwambie kwamba jasho la mama si fungu la mshahara wa baba, wala kazi ya usiku ya mfanya kazi si zawadi kwa tajiri. Tutadai haki yetu kama kawaida.

Lakini ndugu, mgomo ukija, au barua ya kupunguzwa kazi, ni nyumba gani hurudi kazini kwa kuinamisha kichwa? Ni ile isiyo na kitu hata siku tatu. Nyumba yenye cherehani inayozunguka yaweza kungoja kidogo, na chama chenye watu wanaoweza kungoja husikilizwa. Hiyo ndiyo habari ya sindano na chama.

Ninalo ombi moja. Humu mna watu wenye cherehani zilizolala chini ya vitanda. Zileteni Jumamosi ya kwanza ya mwezi hapa hapa, pamoja na brashi na kitambaa kibovu. Mimi nitaleta mafuta na bisibisi. Tutazifungua pamoja, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja ajifunze yake ili asimtafute fundi tena.

Haba na haba hujaza kibaba.