Chuma Safi: Tukitengeneze au Tukinunue?

Hapa Arusha ipo TEMDO, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1980 kubuni mashine. Lakini mashine nzuri yahitaji chuma kizuri. Shafti yenye uchafu ndani hukatika ghafla, kinu kikasimama, na mama wa Usa River akarudi nyumbani na mahindi yake mazima.

Dawa ipo, nayo ni hii: gogo la chuma huchovywa kwenye mavi ya chuma yaliyoyeyuka, umeme ukapitishwa. Chuma hudondoka tone kwa tone, salfa na uchafu hunaswa humo, kisha huganda upya katika kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji.

Sasa tupime. Upande mmoja: Liganga kuna mashapo ya chuma, Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na vipuri vya nje ni ghali. Upande wa pili: tanuri la kusafisha chuma kwa njia hiyo hula umeme mwingi, na wanunuzi wa chuma safi kama hicho huenda wasitoshe.

Je, tujenge tanuri kwanza, au tutafute wanunuzi kwanza?