Sarafu za Kale na Udongo Uliozifunika

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ugomvi wa watu wawili wapendao kitu kimoja. Wa kwanza ni mkusanyaji wa sarafu za kale. Wa pili ni mchimbuzi wa mambo ya kale. Kila mmoja huishika sarafu kwa taadhima, akaigeuza huku na huku apate kuisoma. Lakini wenyewe kwa wenyewe mara nyingi hawasemezani.

Twasema haya sisi watu wa Nemba, na huenda msikilizaji wa pwani akacheka akiuliza, Watu wa bara, wa Biharamulo na Ngara, wana sarafu gani za kale? Kweli, za kale sana hatuna. Mali ya wazee wetu ilikuwa majembe ya chuma, na kauri zilizotoka bahari ya mbali, ambazo jirani zetu Wahaya huziita ensimbi. Sarafu tulizozijua kwanza ni rupia na hela za Wadachi.

Tulioingia katika maneno haya tuliingizwa na chungu kidogo. Watu walikuwa wakichimba msingi wa nyumba kijijini petu, jembe likakipiga chungu kikapasuka, na ndani yake mkaonekana rupia zenye sura ya Kaisari aliyevaa kofia ya chuma, pamoja na hela za shaba zilizoota kutu ya kijani. Kabla jua halijatua zilikwisha gawanywa. Baada ya siku chache akaja mnunuzi. Hakuuliza zilikuwa wapi, wala zilikuwa ngapi pamoja. Aliuliza tu kama imo ile ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli kwa dhahabu ya Sekenke, kwa maana hiyo ndiyo waitafutayo wakusanyaji wa Ulaya. Haikuwamo. Akanunua nyingine, akaenda zake. Nasi tuliuza, hatuwezi kujitia usafi.

Hasara yetu ni nini? Si bei. Hatujui mwenye mali alizika fedha yake vita vilipofika Biharamulo mwaka 1916, au baadaye, shilingi ilipoletwa mwaka 1921 na rupia ya Mdachi ikawa haina soko. Hizo ni habari mbili mbalimbali kabisa: moja ni ya mtu aliyeogopa kunyang'anywa, ya pili ni ya mtu aliyeamka asubuhi akakuta utajiri wake umekuwa chuma tupu. Sarafu zote zingalikaa pamoja, ile iliyo mpya kuliko zote ingalitupa neno.

Tazameni mambo ya Kilwa. Masultani wake walipiga sarafu nyingi za shaba, na ni nzuri ajabu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja kama ubeti wa shairi. Lakini hazitaji mwaka, wala mji zilikopigwa. Basi ukiwa nayo moja mkononi, waweza kusoma Ali bin al-Hasan, na usijue aliishi lini. Hayo huambiwi na shaba. Huambiwa na tabaka la udongo ilimolala, na vigae vilivyolala nayo. Ndiyo kazi aliyoifanya Neville Chittick huko Kilwa tangu mwaka 1958 hata 1965, akiondoa udongo tabaka kwa tabaka.

Tena mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mahali pamoja, na katikati yake dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Fatimiya. Dinari hizo hutaja mwaka wake, na ya mwisho ni ya mwaka 1066 hivi. Kwa kuwa hazikutawanywa, zile zenye mwaka zikazitolea ushahidi zile zisizo na mwaka; na wataalamu waliokuwa wakimweka Ali bin al-Hasan katika zama za baadaye wakamrudisha nyuma hata karne ya 11. Mnunuzi wetu angalifika kwanza, angalizichukua dinari za dhahabu, na ushahidi wote ungalikwenda mfukoni mwake.

Sikilizeni na kinyume chake. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Akazitia katika kopo. Zilipopelekwa kwa wajuzi mwaka 1979, nne zilikuwa za Kampuni ya Waholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa! Kilwa, mabwana, ng'ambo ya bahari nzima! Zilifikaje? Mwaka 2013 msafara ulikwenda kupachunguza mahali pale. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwa yakini nani alizichukua huko, wala lini, kwa sababu zilitoka mchangani bila ya kuandikwa zililalaje. Wala hatumlaumu askari yule: alitunza alichokiokota, na wengi wangalikitupa.

Na hapa inatupasa kumtendea haki mkusanyaji. John Walker wa British Museum aliandika juu ya sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936, zamani kabla Chittick hajatia jembe, na zile alizozisoma zilikuwapo kwa kuwa watu walizikusanya na kuzitunza. Mchimbuzi amsemaye mkusanyaji kuwa ni mwizi, na huku hutumia majina yaliyosomwa katika makusanyo, hasemi kweli yote. Tofauti iko kwa yule auliziaye mahali na yule asiyeuliza.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo sarafu ya Kilwa imo, bali rupia ya chungu chetu haimo. Hiyo imeachwa mikononi mwetu wenyewe.

Tumefanya hivi. Vigae vya chungu tumeviokota katika kifusi, tukavifunga kitambaani. Aliyebaki na hela kwa ukumbusho ameombwa ailete ioneshwe tu, tuandike mwaka wake, kisha arudi nayo kwake. Hata leo zimeletwa saba, na iliyo mpya kuliko zote imeandikwa 1913. Basi chungu hakikuzikwa kabla ya mwaka huo. Kama kilizikwa mwaka wa vita au baada yake, zilizochukuliwa na mnunuzi ndizo zijuazo. Twangojea ya nane.