Nguzo za Isimila na Tope la Salale

Salale hakuna mawe. Mgeni anayefika kule kwenye delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ataona mikoko, mitumbwi na mashamba ya mpunga, lakini jiwe la kumtupia mbwa atalitafuta mpaka achoke. Chini ni tope tupu. Kwa hiyo nilipomwaga mjomba wangu kwamba nakwenda Iringa kutazama nguzo za Isimila, tena nguzo zenyewe ni za mchanga na udongo ulioshikamana, alicheka sana. "Mjomba, unatoa nauli kwenda kutazama udongo? Huu unaoukanyaga ni nini?"

Isimila ipo kiasi cha kilometa 20 kutoka Iringa mjini, karibu na barabara ya Mbeya. Abiria wengi huipita bila kugeuza shingo. Unateremka korongoni, mara unajikuta katikati ya minara yenye rangi ya kutu, mingine inaipita nyumba ya ghorofa kwa urefu. Zamani sana palikuwa na ziwa hapo. Lilipokauka, mvua na kijito vikaanza kula tabaka za mchanga na udongo zilizobaki. Palipokuwa pagumu pakasalia, palipokuwa laini pakaondoka. Mwaka 1951 zikagunduliwa zana za mawe za watu wa kale, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu F. Clark Howell akafanya uchimbaji. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Viboko wanaokula mpunga wetu Salale angalau wana macho ya adabu.

Nikiwa chini ya nguzo moja nilijiuliza: huo udongo ulioondoka umekwenda wapi? Maji ya upande ule huingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji. Rufiji mwisho wake ni kwetu. Sisemi tope lote la Salale limetoka Isimila, maana Kilombero na Luwegu nazo zimeleta mzigo mkubwa. Lakini sehemu ya shamba la mjomba ni ule udongo unaokosekana kati ya nguzo na nguzo.

Njia hiyo ya udongo imewekewa milango. Kwenye Ruaha Mkuu kulijengwa Kidatu mwaka 1975, kisha Mtera mwaka 1980. Na Desemba 2022 likaanza kujazwa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji yenyewe, ukuta wa mita 131, mitambo 9, megawati 2,115. Mimi si mpinzani wa umeme. Hata sauti hii inawafikieni kwa umeme. Ila maji yakisimama, tope hutua chini, na yanayotoka upande wa pili huwa yamechujwa. Mafuriko ya masika ya 2024 yalituonyesha kwamba maji bado yanaweza kutufikia kwa wingi, tena kwa hasara. Lakini maji peke yake hayajengi ardhi. Delta isipoletewa tope, bahari huanza kuimega na chumvi kupanda mashambani, na mpunga haupatani na chumvi. Misri ilikamilisha Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, na pwani ya delta ya Nile upande wa Rashid ikamegwa vibaya.

Megawati tunatangaziwa, na ni haki yetu kutangaziwa. Ningependa na tope litangaziwe: limeingia kiasi gani bwawani mwaka huu, na limefika kiasi gani Salale. Mkulima wa delta akijua hilo, atajua kama mwanawe arithi shamba au atafute kazi nyingine mapema.

Niliporudi nilimweleza mjomba yote hayo. Safari hii hakucheka. Aliniuliza kama zile nguzo bado zinaliwa na mvua. Nikamwambia ndiyo, kila masika.

"Na udongo wake?"

Nikamjibu kwamba siku hizi unaishia Mtera.