Baiskeli Kuukuu na Namna ya Kuusoma Umri Wake



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ninalolipenda, nalo ni baiskeli kuukuu. Najua wako watakaonong'ona kwamba wenzake wanazungumzia maendeleo, yeye analeta vyuma vyenye kutu. Lakini katika nchi hii ya pamba, tangu Shinyanga hadi Geita, baiskeli haijawa chombo cha mchezo. Imebeba pamba kwenda chama cha msingi, imebeba wagonjwa kwenda zahanati, na mpaka leo inabeba magunia ya mawe kutoka mashimo ya dhahabu kwenda kwenye karasha. Sasa zile za babu zetu zinakwisha moja baada ya nyingine kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaozipima kwa kilo. Ombi langu ni moja: kabla hamjaiweka baiskeli ya ukoo kwenye mizani, ijueni kwanza.

Wenzetu wa Marekani wameifanya kazi hii kuwa elimu kamili. Chukueni baiskeli za Schwinn, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1895. Kuanzia mwaka 1965 namba ya fremu ilianza kwa herufi mbili: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka. AA maana yake Januari 1965. Mtu akiokota fremu jalalani, baada ya dakika mbili amekwisha kujua ilipigwa muhuri mwezi gani. Lakini hata wao huonya kwamba namba hiyo ni umri wa fremu tu. Magurudumu, tandiko na pedali kila kimoja huulizwa peke yake.

Hapa kwetu Schwinn hamtaiona kwa urahisi. Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na baiskeli zilizojaa madukani zilitoka kwao: Raleigh ya Nottingham, BSA ya Birmingham, Phillips, Hercules, Humber na Rudge. Baiskeli ya Kimarekani ya zamani hizo ilikuwa na tairi nene na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Hizi za Kiingereza zilikuwa ndefu, nyeusi, zenye gurudumu la inchi 28 na breki zinazovutwa kwa fito za chuma. Basi na dalili za kuzitambua ni nyingine. Nitataja nne.

Kwanza, tazameni nembo iliyo mbele, chini ya usukani. Raleigh ana kichwa cha korongo. BSA ana bunduki tatu zilizoegemezana, kwa sababu kiwanda chake kilianza kwa kutengeneza silaha. Lakini nembo peke yake haitoshi. Raleigh aliinunua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 Phillips na Hercules nazo zikaingia chini ya paa hilo. Kwa hiyo BSA yenye kazi ya mikono ya Nottingham ni ya baada ya 1957, hata kama bunduki tatu ziko palepale.

Pili, fungueni bakuli za gololi pale zinapozunguka pedali. Raleigh alikuwa na hesi zake mwenyewe, meno 26 kwa inchi, wakati Waingereza wengine walitumia meno 24. Fundi yeyote aliyewahi kulazimisha bakuli la kampuni nyingine kwenye fremu ya Raleigh anajua linavyogoma, na akizidisha nguvu linavyokula hesi. Huko kugoma ni ushahidi. Rangi hupakwa upya na nembo hubandikwa, lakini hesi za ndani ya fremu si rahisi kuzighushi.

Tatu, kwa zile chache zilizokuja na gia tatu, futeni grisi kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Mkiona jina la Sturmey-Archer, tafuteni tarakimu karibu nalo. Mbili ni za mwaka, na mara nyingi hufuatwa na za mwezi. Ukiona 58 na 11, kitovu hicho kilitoka kiwandani Novemba 1958.

Nne, jihadharini na dalili zinazodanganya. Wengi huniambia, "Hii ni ya Mwingereza, tazama madigadi ya nyuma ina rangi nyeupe mwishoni." Alama hiyo ilitumika Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa zilipozimwa usiku kwa kuogopa ndege. Lakini Wachina na Wahindi waliiga baiskeli nzima, na weupe ule wakauchukua. Phoenix ya Shanghai nayo anao. Tena si kila Raleigh ni ya Nottingham, maana miaka ya 1950 zilianza kutengenezwa Asansol, India, pia.

Sasa niwape mfano. Ndugu wawili wa wilaya jirani waliniletea baiskeli wakiwa wamekwisha kununiana. Mkubwa alisema ni ya babu, aliyeinunua alipofanya kazi katika mgodi wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966. Kwa hiyo ni mali ya ukoo na haiuzwi. Mdogo alisema ni ya marehemu baba yao, aliyeinunua kwa pesa ya pamba miaka ya 1970. Kwa hiyo ni yao wawili, na mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anasubiri. Niliisafisha mbele yao. Fremu ilikuwa ya BSA, na haikuwa na alama yoyote ya kazi ya Nottingham. Hiyo ni ya kabla ya 1957. Kitovu cha nyuma kilisomeka 74. Wote wawili walikuwa wakisema kweli: babu alinunua baiskeli, na baba akaipa gurudumu jipya. Tandiko lilikuwa la Kihindi, na pedali za Kichina. Walikaa kimya kitambo, kisha mkubwa akaisukuma, mdogo akashika keria. Haikuuzwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wakusanyaji wanaosema baiskeli iliyobadilishwa vipuri imepoteza thamani. Kwetu vipuri hivyo ni habari. Cha Kichina hutukumbusha miaka ya kujenga reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975, ambapo sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China katika maduka yetu. Fremu yenye jina la Swala ni kazi ya kiwanda cha hapa nchini. Na baiskeli yenye pedali mbili zisizofanana, na spoku zilizounganishwa kwa waya, huenda ilipita katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla milango ya biashara haijaanza kulegezwa mwaka 1984. Anayeing'oa yote ili apachike vipya vinavyong'aa anafuta daftari.

Wadogo zangu, nawapeni kazi ya likizo. Kila mmoja atafute baiskeli moja kuukuu kijijini kwake. Aandike nembo, namba ya fremu, na kila kipuri kimetoka wapi. Kisha amwulize mwenyewe aliinunua mwaka gani, wapi, na kwa mavuno gani. Chuma na mzee wakipingana, msiharakishe kumwita mzee mwongo. Tazameni kipuri kingine. Daftari hizo zikusanywe hapa shuleni. Nasi wahitimu tutoe kabati la kuziweka, na mimi nitaanza kwa kuchangia mbao.

Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka, na mizani ya chuma chakavu haifungwi hata Jumapili.