Ndara Moja ya Jirani

Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo dogo, na huenda baadhi yenu mtacheka. Ni habari ya mbwa mdogo aliyetafuna vitu vya nyumbani mwetu tulipokuwa tukihudumu Hagadera.

Hagadera, kwa wasiopajua, ni moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na watu kuvuka mpaka kwa maelfu, na mifugo michache iliyowabakia. Toka mji wa Garissa mpaka Dadaab ni kama kilomita 100, njia ya mchanga na miiba. Wakazi walio wengi ni Wasomali, nao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Sisi Wakristo tulikuwa kundi dogo tu: walimu, wauguzi, madereva, na baadhi ya wakimbizi wa nchi nyingine.

Mbwa huyo tulimwita Bosi. Alikuja ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, ameletwa na dereva mmoja wa lori kutoka Mwingi ambaye aliona kwamba nyumba ya mchungaji haina mlinzi wa usiku. Umri wake ulikuwa miezi mitatu hivi. Watoto walimpenda siku ile ile. Juma la pili tukaanza kuhesabu hasara. Alianza na ufagio, akafuata chandarua, kona ya mkeka wa mama, kifuniko cha mtungi wa maji, na jalada la Kitabu cha Sala tulichopewa siku ya kuwekewa mikono. Waya wa kuchajia simu aliukata vipande viwili, na twamshukuru Mungu kwamba saa ile haukuwa na umeme.

Basi tulifanya nini? Tulifanya kama tulivyofanyiwa sisi utotoni: tulishika fimbo. Tukirudi kutoka ibadani na kukuta uharibifu, tulimburuta Bosi mpaka penye kile kitu, tukamwonyesha, tukampiga. Baada ya siku chache kila tulipoingia mlangoni alijilaza chini, mkia katikati ya miguu, macho yamejaa huzuni. Tukaambiana, "Mwaona, sasa anajua kosa lake." Lakini vitu viliendelea kupotea. Tofauti ilikuwa moja tu: zamani alitafunia sebuleni mbele ya watu, na sasa alitafunia chini ya kitanda au nyuma ya choo. Fimbo yetu haikumfundisha kuacha. Ilimfundisha kuficha.

Hapo ndipo ikaja habari ya ndara.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kisomali, mtu wa heshima, ambaye watoto wetu walimwita Adeer, yaani baba mdogo, kama walivyosikia watoto wenzao wakimwita. Alasiri moja alikuja kuzungumza nasi juu ya zamu ya bombani. Akavua ndara zake za ngozi barazani, akaingia, tukanywa chai. Alipotoka, palikuwa na ndara moja.

Wapendwa, tuwaeleze uzito wa jambo hili. Kwa madhehebu yake, kitu kilicholowa mate ya mbwa hakitoshi kufutwa. Huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Na maji ya Hagadera hayaji kwa kufungua mfereji jikoni. Hupangiwa foleni, hubebwa kwa mitungi juani. Tena Magharibi ilikuwa inakaribia, na mtu huyu alikuwa akienda kuswali. Zaidi ya hayo, majirani kama yeye ndio waliokuwa ulinzi wetu. Makanisa mawili ya mji wa Garissa yaliposhambuliwa tarehe 1 Julai 2012, na watu wasiopungua 15 kuuawa wakiwa ibadani, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Watu wa namna hiyo huwafugii mnyama wa kuwala viatu.

Tulitafuta kila mahali. Tukamwuliza mwanetu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, kama amemwona Bosi na kitu. Akasema, "Hapana, baba." Mzee akatazama chini, akasema si kitu, akaenda zake, mguu mmoja wazi, juu ya mchanga wenye miiba.

Usiku ule mama wa watoto alimkuta kijana hajalala. Akamkalisha, akamwambia aseme. Basi akasema. Alikuwa amemkuta Bosi na ile ndara nyuma ya choo, kamba yake imekwisha kukatika. Akainyang'anya, akaifukia kwenye mchanga karibu na shimo la taka. "Mngempiga tena," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na mimi pia."

Tulinyamaza. Ulikuwa usiku mrefu. Tulikuwa tumewafundisha wawili somo moja kwa fimbo moja, na wote wawili walikuwa wamelishika vizuri. Tukafikiri juu ya Balaamu, ambaye alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu punda alipinda njiani, naye hakujua kwamba malaika amesimama mbele yao. Habari hiyo, iliyo katika kitabu cha Hesabu, tulikuwa tumeihubiri zaidi ya mara moja, na siku zote tulijiweka upande wa malaika!

Asubuhi tulikwenda kwa mzee, baba na mwana pamoja. Tulichukua ile ndara iliyofukuliwa pamoja na jozi mpya kutoka sokoni. Kijana alisema mwenyewe, maneno machache, huku akilia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, naye hakuiharakisha aibu yake wala kuipunguza. Kisha akazipokea ndara mpya, akazipima, zikambana kidogo vidoleni, akasema ngozi italegea. Akatuomba jambo moja, kwamba mbwa asifike kwenye mitungi yake ya maji. Tukaahidi.

Halafu, jambo ambalo hatukulitazamia, akaanza kutuhoji juu ya mbwa. Anakula nini? Hufanya kazi gani mchana? Akatuambia kwamba dini yao haikatazi mbwa wa kuchunga mifugo, wala wa kuwinda, wala wa kulinda, na kwamba babu yake alikuwa naye mmoja wa kufukuza fisi zizini. "Pasta," akasema, "huyo wenu hana kazi. Mnamfunga kwa kamba mchana kutwa. Angefanya nini na mdomo wake?" Maandiko mara nyingi huwataja mbwa vibaya, lakini katika kitabu cha Tobiti, ambacho kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ingawa si kwa kuthibitisha imani, yumo mbwa aliyefuatana na kijana Tobia na malaika katika safari yao. Huyo hatusikii kwamba alitafuna kitu. Alikuwa safarini.

Wiki hiyo hiyo alipita daktari wa mifugo, kwa chanjo, naye akatukamilishia elimu. Mbwa mdogo, alisema, huota meno 28 ya utoto, na tangu mwezi wa tatu au wa nne meno hayo huanza kung'oka na kupisha meno 42 ya ukubwani. Kazi hiyo huisha kwenye mwezi wa saba hivi. Muda huo wote ufizi humwuma, na kutafuna humpa nafuu, kama mtoto mchanga anavyouma kila anachokishika. Hata baada ya hapo mbwa kijana huendelea kutafuna kwa uchovu wa kukaa bure, mpaka apitishe mwaka. Juu ya fimbo akacheka. Akasema mbwa akipigwa kwa kosa la saa moja iliyopita hawezi kuliunganisha na kipigo. Lile jicho la huzuni tulilolisoma kuwa toba lilikuwa hofu tu. Alijua kwamba tukiingia, kuna maumivu.

(Na mbuzi je? Mbuzi wa Hagadera hula katoni, hula nguo kambani, na kabla ya serikali kuipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 walikula hata hiyo, wengine wakafa. Hatujamwona mtu akimburuta mbuzi kumwonyesha shati lililoliwa. Husema, "Ni mbuzi," wakainua kamba ya nguo.)

Basi tuliinua kamba, ndugu zetu. Tulipigilia misumari ukutani barazani, kimo cha bega, ili ndara za kila mgeni zitundikwe. Vitabu tuliviweka juu ya kabati. Miguu ya meza tuliipaka maji ya majani ya mwarobaini, mti ambao umepandwa sana pande zile, na uchungu wake ulitosha. Bosi tulimpa vya kwake: mfupa mkubwa mbichi wa ngamia kutoka kwa mchinjaji, maana mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuweza kumtoboa tumbo, pamoja na kitambaa kikuukuu kilichofungwa mafundo na kulowekwa maji. Viatu vichakavu hatukumpa kamwe, kwa kuwa mbwa hawezi kujua kiatu kipi kimezeeka na kipi ni cha askofu.

Akichukua kisicho chake, hatukumfukuza, kwa maana kufukuzana kwake ni mchezo. Tulimwendea polepole na mfupa mkononi, tukasema "Acha," na akiachia tulimpa mfupa na kumsifu. Kazi hii tulimpa kijana. Kila alfajiri, kabla jua halijawa kali, alimtembeza nje ya ua, naye akirudi amechoka hulala mpaka saa nne. Tena kamba ya mchana kutwa tuliitupa. Tulimtengea ua wenye kivuli, uliozungushiwa miiba, mbali na mitungi ya watu.

Hatutawadanganya kwamba yalikwisha kwa juma moja. Mwezi wa pili alikula soksi. Siku moja, na hili twalikiri, mkono wetu uliinuka tena kwa mazoea, na kijana akasimama katikati. Hakusema neno. Tukaushusha.

Jambo jingine alilotuagiza daktari tunalipitisha kwenu, maana huko kwenu pia kuna mbwa. Mchanjeni kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Mbwa aliyekuwa mtulivu, naye akabadilika ghafula, akauma miti, mawe na chochote kilicho mbele yake, huku akitokwa mate au akipata shida ya kumeza, huyo hatafuni kwa utoto. Msimkaribie, watoto wawekwe mbali. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama ataugua. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Bosi alimaliza kubadili meno, akawa mbwa mkubwa wa kahawia mwenye sauti nzito. Kijana alikusanya meno machache ya utoto yaliyodondoka barazani, akayatia kwenye kopo, nalo tunalo mpaka leo. Mzee aliendelea kuja jioni kwa chai. Hakumgusa Bosi hata siku moja, wala hatukutarajia amguse. Alisimama langoni na kuita, "Mbwa yuko wapi?"

Na kijana wetu, akikimbia kupokea ndara ili azitundike msumarini, alijibu, "Yuko uani, Adeer. Ana mfupa wake."